Yai Lililobaki Kiotani

Hadithi inakuja, ipisheni ikae.

Palikuwa na mjane, Bi Mashavu, na bintiye Mkasi. Siku moja mama alikwenda sokoni kutafuta kuku wa kufuga, akamkuta ajuza mmoja ana matetea watatu.

"Huyu kuchi, mrefu, mkali, mayai yake haba," akasema ajuza. "Huyu kishingo, shingo tupu bila manyoya, hutaga kiasi na hulea vifaranga vizuri. Huyu mweusi hutaga matatu kwa siku, ila uokote yote. Usibakize hata moja."

Bi Mashavu akamchukua mweusi. Siku ya kwanza aliokota yote. Siku ya pili aliokota yote. Siku ya tatu mkono ukafuata ulichozoea, kwa maana kwao kila mfugaji hubakiza yai moja ili kuku asihame kiota.

Alfajiri yai likapasuka, kikatoka kizimwi.

"Mama, nina njaa." Kikamla kuku.

"Mama, nina njaa." Kikamla mbuzi, kikakua hata kichwa kikagusa paa.

"Mama, nina njaa."

Bi Mashavu akamsukuma Mkasi nje kwa mlango wa uani. "Kimbilia kwa shangazi yako, usigeuke nyuma." Kisha akatia komeo kwa ndani, akaketi mkekani.

"Njoo, mwanangu," akasema.

Hadithi yangu imeishia mkekani hapo. Ajuza yule bado yuko sokoni, na kuku wake wametimia watatu tena. Mimi nafuga kishingo.