Mawe ya Msingi ya Mheshimiwa Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Na mto!

Na juu ya mto?

— Hakuna kitu!

Na juu ya hicho kisichokuwapo?

— Kamati!

Basi kaeni vizuri. Mwenye kusinzia amwegemee jirani yake, asiniangukie mimi.

Hapo kale, wala si kale sana, palikuwa na mto uitwao Zimwe. Mto ulikuwa na kivuko kimoja, na kivuko kilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Kiboko. Aliyetaka kuvuka alipanda mgongoni mwa Kiboko, na nauli ilikuwa nusu ya mzigo. Nusu ipi? Kiboko alichagua nusu ya juu.

Mgongo ulikuwa mmoja na wanyama walikuwa wengi, kwa hiyo palikuwa na foleni. Foleni ilianzia majini, ikapanda ukingo, ikazunguka kilima cha mawe, ikapotelea nyikani. Ngiri mmoja alizalia kwenye foleni hiyo. Mtoto alipofika ng'ambo alikuwa tayari na meno ya kupinda.

Kwenye kilima kile cha mawe aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, miguu mifupi, na maji hayawezi. Mama yake alikuwa amehamia ng'ambo zamani, akiwa bado na meno, kwenye ufa wa mwamba, na sasa meno yalikuwa yamekwisha kumtoka. Ng'ambo kuliota miiba. Majani laini yaliota upande huu. Kila siku Bi Pimbi alichuma majani, akafunga mzigo, akapanga foleni, akapanda mgongoni. Kila siku Kiboko alikula nusu ya juu, yaani majani. Kila siku mama alipokea nusu ya chini, yaani vijiti.

"Mwanangu," mama alisema siku moja akimumunya kijiti, "huko kwenu majani hayaoti tena?"

"Yanaota, mama."

"Yanamwotea nani?"

Bi Pimbi aliinamisha kichwa, akaanza kumtafunia mama yake kijiti kingine.

Mtaniuliza kwa nini hakumvusha mama akaishi naye. Alijaribu. Mgongo wa kiboko unateleza, na bibi kizee yule alikuja kuokotwa kwenye matete. Tangu hapo aliapa kwamba hapandi tena kiumbe aliyelowa.

Basi mawingu yakaanza kukusanyika. Kiboko akapanda ukingoni, akasafisha koo. Hoh-hoh-hoh!

"Wananchi! Masika yanakuja. Mto utajaa, na kazi yangu itakuwa nzito. Kwa hiyo masika yakianza, nauli ni mzigo mzima."

"Mzigo mzima?" Digidigi akauliza kutoka kwenye foleni. "Sasa tutakuwa tunavuka kupeleka nini?"

"Salamu," akasema Kiboko.

Hapo wanyama wakachoka. Wakapiga kelele: Daraja! Daraja! Bi Pimbi naye akapiga kelele, kwa sababu mama yake hakuwa na meno ya kutafuna salamu.

Mlidhani Kiboko atakasirika? Hakukasirika. Alitabasamu, kinywa kikafunguka kama mlango wa ghala.

"Daraja! Wazo zuri sana. Nami nimeliwaza siku nyingi. Tuunde kamati."

Kamati ikaundwa. Mwenyekiti akawa Kiboko, kwa sababu anaujua mto. Katibu akawa Fisi, kwa sababu alikuwapo. Wajumbe wakawa Nyumbu na Kima. Kobe alipewa kazi ya kwenda kupima upana wa mto, akarudi haraka. Alipoulizwa mto una upana gani, akasema hajaondoka, amerudi kuchukua kofia.

Wakaanza kujadili fedha za daraja zitoke wapi. Hakuna mnyama hata mmoja kati yao aliyewahi kuziona hizo fedha, lakini wote walijua hazitoshi.

"Tufanye harambee," akasema Nyumbu. "Kila mmoja atoe alichonacho."

"Mwenzetu una nini?" Kima akamuuliza.

"Mimi ni mhamasishaji."

"Bora tutoze kodi ya pembe," akasema Kima. "Mwenye pembe ndefu alipe zaidi. Ndiyo haki."

"Na wewe una pembe?" Nyumbu akamuuliza.

"Bahati mbaya sina. Ningelipa kwa moyo mmoja."

Fisi akacheka, kisha akasema, "Ndugu zangu, mnahangaika bure. Tukope kwa Mamba. Masharti yake ni nafuu: katika kila kundi litakalovuka, atachukua mmoja tu. Wala hachagui."

Wakajadili, wakala, wakaahirisha.

Walikula nini? Walikula mizigo iliyochukuliwa kwenye foleni. Kamati haiwezi kujadili njaa na daraja kwa pamoja.

Wakarudi, wakajadili, wakala, wakaahirisha. Siku moja Digidigi alisimama akauliza, "Na daraja likijengwa, bado tutalipa?"

Kiboko akatoa tamko. Fisi akaamuru wote wasikilize.

"Ushuru ni mahali pawili tu. Mgongoni mwangu leo, na darajani kesho. Pengine popote ni bure. Mimi si mlafi. Na daraja halitaitwa daraja mpaka kamati ikubaliane fedha zake zimetoka wapi. Hatutaki madaraja ya kiholela hapa!"

Makofi. Pwa-pwa-pwa!

Bi Pimbi alikuwa nyuma kabisa, na mzigo wake wa majani ukinyauka kichwani. Alilisikia tamko. Akalirudia moyoni neno kwa neno, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili polepole. Kisha akainua mkono.

"Naomba kuuliza, Mheshimiwa."

"Nani anaongea? Simwoni."

"Mimi hapa chini."

"Ah, Pimbi! Simama basi, tukuone."

"Nimesimama, Mheshimiwa."

Wakacheka. Fisi akacheka mpaka akaketi.

"Haya, sema," akasema Kiboko.

"Mjadala ni mzuri. Lakini vizazi vijavyo vitajuaje nani aliuanzisha? Mbona hatujaona jiwe la msingi?"

"Fedha hazijapatikana," akasema Nyumbu.

"Jiwe la msingi halitaki fedha, kaka. Linataka jiwe, mgeni rasmi na chakula."

Fisi aliposikia chakula, akaunga mkono hoja.

"Jiwe tutapata wapi?" akauliza Kiboko.

"Kwangu," akasema Bi Pimbi. "Mimi sina mali nyingine, Mheshimiwa. Nina mawe."

Siku ya sherehe ikafika. Kiboko akasukuma jiwe kwa kichwa kutoka kilimani. Gudu-gudu-gudu, chubwiii! Jiwe likatua majini karibu na ukingo, mgongo wake ukabaki juu ya maji. Bi Pimbi mwenyewe ndiye aliyelichagua.

"Kwa nini kubwa hivi?" Kiboko alikuwa ameuliza, anahema.

"Jiwe dogo ni la kiongozi mdogo. Wewe utasimama juu yake uhutubie. Masika yakija, maji yalifunike jina lako?"

Kiboko akasimama juu yake, akahutubia. Lile likawa jiwe la hoja ya harambee. Pwa-pwa-pwa! Wakajadili, wakala, wakaahirisha.

Kikao kilichofuata, Bi Pimbi akainua mkono tena.

"Mheshimiwa, jiwe la harambee tumeliona. Lakini mpango wa mkopo umekosa nini? Si nao unahitaji jiwe lake? Mamba anaweza kuudhika."

Mamba alikuwa akisikiliza majini, macho mawili tu. Kamati ikakubali mara moja.

"Tuliweke wapi?" akauliza Fisi.

"Mjadala umerudi nyuma au umesonga mbele?" akauliza Bi Pimbi.

"Umesonga mbele!" akanguruma Kiboko. Hakupenda swali hilo.

"Basi na jiwe lisonge mbele. Lakini lisiende mbali. Kwaya ya vyura itasimama kwenye jiwe la zamani, na sauti inapaswa kumfikia mgeni rasmi."

Gudu-gudu-gudu, chubwiii! Pwa-pwa-pwa! Wakajadili, wakala, wakaahirisha.

Likaja jiwe la kodi ya pembe. Gudu-gudu-gudu, chubwiii! Likaja jiwe la kuwashukuru waliotoa maoni. Chubwiii! Likaja jiwe la kuwaonya waliokataa kutoa maoni. Chubwiii! Likaja jiwe la kumpongeza Kobe kwa upimaji. Kobe mwenyewe hakuwapo, alikuwa anatafuta kofia.

Kilima kikapungua. Kila jiwe lililobingirika lilikuwa paa la mtu. Pimbi wengine wakamjia juu.

"Bi mkubwa, una wazimu? Unampambia Kiboko sifa kwa nyumba zetu!"

"Hamieni jiwe linalofuata," akasema.

"Na hilo likiondoka?"

"Mtakuwa mmezoea kuhama."

Maneno alikuwa nayo, lakini siku hakuwa nazo. Mawingu yalikuwa yameteremka. Upepo ulinuka mvua. Mawe yalikuwa yamepita katikati ya mto, na ng'ambo mama yake alikuwa ameacha kutoka nje kumlaki. Alikuwa akipunga mkono kutoka kwenye ufa, akiwa amelala.

Ndipo siku moja Kiboko akasimama juu ya jiwe jipya, akageuka kuwapungia watu. Akatazama nyuma. Akatazama tena.

"Pimbi."

"Naam, Mheshimiwa."

"Mbona mawe haya yanafuatana?"

Vyura wakaacha kuimba. Fisi akaacha kutafuna.

"Yanakufuata wewe, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi. "Kama sisi."

Kiboko akafikiri. Ilimchukua muda, si kazi aliyoizoea. Kisha akatabasamu. "Ni kweli," akasema. "Ni kweli kabisa."

Pwa-pwa-pwa! Bi Pimbi alipiga makofi kuliko wote.

Likabaki jiwe moja. Lilikuwa chumba chake mwenyewe, alipozaliwa yeye na alipozaliwa mama yake. Alilifagia, akatoa majani yake, akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayemuaga mgeni. "Hili," akamwambia Kiboko, "ni la kufunga awamu ya kwanza ya mjadala." Kiboko akalisukuma. Gudu-gudu-gudu, likapita juu ya mawe mengine, chubwiii! Likaegemea ukingo wa ng'ambo, hatua chache kutoka kwenye ule ufa wa mwamba.

Usiku huo huo masika yakashuka.

Asubuhi mto ulikuwa umejaa. Kiboko akakaa kivukoni, kinywa wazi, akisubiri mizigo mizima. Hakuja mtu. Akasubiri. Hakuja mtu. Kisha akasikia: ko, ko, ko. Kwato juu ya mawe. Ko-ko-ko-ko-ko! Akageuka, akaona foleni nzima ikivuka na mizigo yake. Mbele kabisa alikuwa Bi Pimbi, ameubeba mzigo wake wa majani, nusu ya juu na nusu ya chini, anaruka jiwe hadi jiwe.

"Simameni!" Kiboko akanguruma. "Mko kwenye daraja langu! Ushuru!"

Wote wakasimama. Ngiri akafunika mtoto wake. Bi Pimbi akageuka. Ng'ambo ilikuwa mruko mmoja tu.

"Daraja gani, Mheshimiwa?"

"Hilo mlilosimama!"

"Kumbe! Hongera. Basi kamati imekubaliana fedha zimetoka wapi?"

Kamati ilikuwa hapohapo ukingoni. Kamati haikosi penye mgogoro.

"Zimetoka kwenye harambee," akasema Nyumbu haraka. "Jiwe la kwanza ni langu. Mnakumbuka nilivyohamasisha."

"Harambee wapi!" akaruka Kima. "Hiyo ni kodi ya pembe, jiwe la tatu, nililitetea kwa jasho langu!"

"Wote waongo," akasema Fisi. "Ni mkopo. Hata Mamba shahidi."

Macho mawili majini yakapepesa. Mamba alikuwa ameanza kuhesabu makundi.

"Harambee!"

"Kodi!"

"Mkopo!"

Nyumbu akamtishia Kima kwa pembe. Kima akamvuta Fisi mkia. Bi Pimbi akangoja mpaka wakaishiwa pumzi.

"Mheshimiwa," akasema kwa upole, "hawajakubaliana. Na wewe ulisema daraja haliitwi daraja mpaka wakubaliane. Au tulikusikia vibaya? Maana hatutaki madaraja ya kiholela hapa."

Kiboko akatazama foleni, nayo foleni ikamtazama.

"Sikusema ni daraja," akasema.

"Ni nini, Mheshimiwa?"

"Ni mawe ya msingi."

"Na wewe ulitaja mahali pawili pa ushuru. Mgongoni na darajani. Kwenye mawe ya msingi je?"

Kiboko alizama polepole hadi maji yakamfika puani.

"Bure," akasema. "Mimi si mlafi."

Pwa-pwa-pwa! Bi Pimbi akaruka ule mruko wa mwisho. Akaingia ufani, akamwekea mama yake jani mdomoni. Bibi kizee akalimumunya, akalimeza, akafungua macho.

"Hili ni la juu," akasema.

"La juu, mama."

"Kiboko amekufa?"

"Hapana. Yuko kwenye kamati."

Tangu siku ile Bi Pimbi anaishi ng'ambo, ndani ya jiwe lilelile alimozaliwa, ambalo sasa limezinduliwa rasmi. Asubuhi huvuka kuchuma, jioni hurudi. Pimbi wengine nao wamehamia nyufa za jirani, wamezoea kuhama. Foleni hakuna. Kamati bado ipo. Wajumbe huvuka mto kwa kutumia yale mawe ili wawahi kikao cha kujadili jinsi ya kupata fedha za daraja. Karamu tu ndizo zimekoma, kwa kuwa mizigo haipiti kivukoni na kilima kimekwisha mawe. Siku hizi wanajadili, wanaahirisha.

Ngano yangu imefika ng'ambo na haijalipa ushuru. Aliyeipenda aivushe kwake. Asiyeipenda aunde kamati.

Na mafunzo yake, wanangu, msije mkasema sikuwapa: usijenge kitu chochote kabla fedha hazijapatikana. Mtazameni Bi Pimbi. Alikimbilia kujenga, na leo hii hana hata kiti kwenye kamati.