Kilima cha Isengelo Kilivyoacha Kutembea

Kilima cha mchanga cha Isengelo, hicho mnachokiona kimetulia, enzi za mababu wa mababu zetu kilikuwa kinatembea. Kila kiangazi upepo ulikisukuma, kikameza shamba, mwaka mwingine zizi, na watu wakahama mbele yake. Walisema ni mkosi. Mkosi gani! Ni mikono yao wenyewe.

Watu wale walijivunia mapaa. Waliezeka kwa nyasi za kilimani zilizong'olewa pamoja na mizizi yake, kwa kuwa mizizi ilisokotana na kuzuia maji. Kila kaya ilikuwa na ubavu wake wa kilima wa kung'olea.

Ubavu wa Kalunde, mjane, ulielekea kisima. Visima viwili vilikwisha fukiwa. Hicho ndicho kilichobaki. Mwaka mmoja, karibu na masika, aling'oa shina la kwanza tu, mchanga ukaporomoka na kuziba tundu la ndege keremkerem. Akafukua kwa vidole. Makinda manne yalikuwa yamekufa, la tano likipumua. Alihuzunika sana. Alipoinua macho akatazama upande wa pili, wenye matundu mengi, ambako watu hawakung'oa kwa kuogopa nyoka. Huko nyasi zilikuwa tele, na mchanga haukuwa umesogea tangu utoto wake.

Akaenda kwa Mihambo, kaka wa marehemu mumewe, aliyekuwa mkubwa wa kijiji.

"Shemeji, tusing'oe tena. Tukate, mizizi ibaki. La sivyo kisima kinakwenda."

Mihambo alicheka. "Paa lisilo na mizizi ni la banda la kuku, shemeji. Unataka wageni watucheke?"

"Basi mimi watanicheka."

Akakata kwa mundu, akaezeka. Masika yalipoingia nyumba yake ikavuja kila pembe, naye akahamahama na mkeka wake kama paka na wanawe. Walimcheka, na ilimuuma. Lakini mashina ya ubavu wake yakachipua.

Kiangazi kilipofika kilima kikaondoka kama kawaida yake. Kilimeza nyumba ya Mihambo, ikabaki ncha ya lile paa zuri. Upande wa Kalunde kilifika kwenye nyasi, kikasimama. Kisima kikapona.

Siku ya tatu Mihambo alikuja na mundu mkononi. Hakuomba radhi, watu wakubwa hawajui. Alisema tu, "Shemeji, nionyeshe unakata wapi." Akamwonyesha: shibiri moja juu ya mchanga.

Na tangu siku hiyo nyasi za Isengelo hazing'olewi, mbuzi hawapandishwi kilimani, na keremkerem hutaga humo bila kuguswa. Ndiyo maana nyumba zetu zote zinavuja. Mgeni akidondokewa na mvua, mwenye nyumba humsogezea mkeka, kisha humpa maji ya kisima. Anywe kwanza, ndipo alalamike.