Yai la Alhamisi

Wapendwa, lisikilizeni jambo hili kwa mpangilio wake, kwa maana kosa limejificha ndani ya mpangilio.

Bibi mmoja, mjane asiye na kipato, aliugua kisukari. Jumuiya yake ikamtuma mhudumu wa afya, dada mwenye bidii, amtembelee kila Alhamisi. Siku ya kwanza alimpelekea vidonge ishirini na vinane, kimoja kwa kila siku, akamwagiza asimeze kabla ya kula. Kisha akampima presha, akamuuliza kama analala, kama anatembea, kama anakula. Bibi alijibu kwamba anakula, akamwekea mezani viazi vitamu viwili na yai la kuchemsha.

"Karibu, mwanangu. Mimi nimeshakula."

Dada yule alilelewa vizuri. Angekataaje chakula cha mzee? Akala, akanawa, akaandika katika daftari: "Anakula vizuri."

Alhamisi ya pili ikawa vivyo hivyo, ila mkanda wa kipimo cha presha, alipouzungusha kwenye mkono wa bibi, ulikwenda mbali kidogo kuliko juma lililopita. Alhamisi ya tatu ulikwenda mbali zaidi, maana mkono ulikuwa umekonda. Dada alifika barabarani, akasimama, akarudi hadi mlangoni, akaondoka tena bila kubisha. Juma zima alikuwa akilifungua daftari na kulifunga. Maandishi yalisema mgonjwa anakula. Mkono ulisema vingine. Ninyi mngeamini kipi?

Alhamisi ya nne hakuketi. Aliomba pakiti ya dawa, akahesabu vidonge, akarudia kuhesabu. Vilibaki kumi na tisa.

"Bibi, mbona humezi dawa?"

"Nani kasema simezi? Uliniambia nimeze nikishakula. Siku ninayokula, nameza."

Siku tisa, wapendwa, katika majuma matatu. Dada akaitazama sahani iliyokuwa ikimngoja mezani.

"Na hili yai?"

"Kuku ninaye mmoja, na hatagi kila siku. Likipatikana nakuwekea wewe. Mgeni atoke kwangu na njaa, mimi nitakuwa mtu gani?" Kisha bibi akacheka. "Nilikuwa nakuona unakula, halafu unaandika. Nikadhani unaandika habari zako."

Mnangoja nimlaumu dada yule? Sitamlaumu. Alitumwa akiwa na kipimo, daftari na maswali matatu, unga hakupewa. Waliomtuma walisomewa daftari, wakashukuru, wakapiga makofi. Nao ni akina nani kama si sisi? Sisi tunaowahimiza wazee wetu kula mboga na matunda, bila kuuliza chungu chao kilikaa motoni lini mara ya mwisho. Sisi tunaokaribishwa, tukala riziki yao ya juma, tukatoka na taarifa njema. Sijui kama yupo humu ambaye hajala yai hilo. Mimi nimelila.

Juma hili tutabisha hodi tena. Safari hii chakula tulichobeba kitangulie mezani, daftari lifuate. Mzee akikuambia ameshakula, usibishane naye, kwa maana heshima yake ndiyo mali aliyobaki nayo. Mwambie huwezi kula peke yako. Gawa mara mbili, msogezee sehemu yake, na kalamu ikae mfukoni mpaka umwone akimeza.