Kanga ya Bi Somoe

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mapaa ya Kivinje yalikwisha kuota madishi, aliishi Bi Somoe. Bintiye, Mwanahawa, alikwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye stesheni ya televisheni. Katika kipindi cha mapishi yeye alikanda unga. Uso haukuonyeshwa, mikono tu. Kila Ijumaa baada ya swala mama alikaa kuitazama ile mikono, na kovu la mafuta ya vitumbua kwenye kidole gumba. Simu ya Mwanahawa haikupatikana tangu Ramadhani. Mikono ile ndiyo salamu pekee iliyobaki.

Ijumaa moja akawasha, stesheni hamna. Ijumaa ya pili, hamna. Bi Somoe akaanguka kitandani, macho yakaingia ukungu. Akasema, "Atakayenirudishia mikono ya mwanangu, kanga niliyombebea mgongoni ni yake."

Akaja Chande, fundi madishi. Akaeleza kuwa stesheni zimehamishwa masafa, orodha iliyomo kwenye king'amuzi imepitwa na wakati, linatakiwa faili jipya. Akaingiza alilokuwa nalo kwenye flashi. Kumbe la king'amuzi cha aina nyingine, kikaganda. Fundi hakukimbia, alikaa siku tatu akikifufua.

Akaja Mwalimu Pili, jirani. Akapanda kilimani penye mtandao, apakue faili la king'amuzi kile kile. Likafika nusu, likakatika. Akapanda tena, likakatika. Mara ya tatu, mvua ikimnyeshea, likakamilika.

Saumu, mkwe aliyemuuguza, hakupanda popote. Alimwegemeza mgonjwa kifuani tu.

Ijumaa ikafika. Flashi ikachomekwa, orodha mpya ikaingia, stesheni ikatokea. Mikono inakanda unga. Kidole gumba kikageuka, laini, hakina kovu. Chande akainama. Mwalimu Pili akanyamaza.

"Ni yeye?" akauliza Bi Somoe.

"Ni yeye, mama," akasema Saumu. "Kovu lake lile."

Bi Somoe akatabasamu, akamwombea mwanawe dua ndefu. Kabla ya magharibi alikuwa amefariki.

Baada ya arobaini wakakaa mbele ya kanga. Chande akasema kukosea alikosea, lakini king'amuzi kilikufa na yeye ndiye aliyekifufua. Mwalimu Pili akasema bila faili lake kingefufuka kikiwa kitupu.

Saumu akasema, "Nyinyi mlileta stesheni. Mikono nilileta mimi."

"Ulimdanganya mtu anayekata roho," akasema Mwalimu Pili.

"Nawe ulinyamaza," akajibu Saumu, akalia.

Uchungu ulioje, wenzangu! Simu ya Mwanahawa haipatikani hata leo, na kanga bado imekunjwa chini ya mto wa kitanda. Haya, nyinyi mliosikia: apewe nani? Au imngoje yule ambaye mikono yake hakuna aliyeirudisha?