Ruhusa ya Msiba

Ndugu zangu, leo naomba niwasumbue kidogo. Kulikuwa na msimamizi mmoja katika kiwanda cha magodoro. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea watu vya kulalia, lakini yeye mwenyewe kupumzika alikuwa hakujui. Miaka tisa hakuchukua likizo hata moja, na kwa jambo hilo alijitamba kila mahali.

Meneja wake alikuwa mgeni kutoka Ulaya. Huyo kila mwaka, ikifika Julai, alifunga ofisi, akazima simu, akaenda kwao mwezi mzima kukaa na mama yake. Msimamizi akawa anamcheka: "Wenzetu hawa kazi hawaiwezi." Nanyi mnacheka, nawaona.

Mwaka huo wa tisa, baba yake msimamizi akapiga simu kutoka kijijini.

"Mwanangu, macho yangu yanaisha. Daktari anasema Krismasi haitanikuta naona. Njoo nikuone uso."

"Baba, kazi imebana. Nitakutumia hela ya dawa."

"Dawa ninazo. Njoo wewe."

Meneja akasikia habari hiyo, akamwita. "Siku zako za likizo zipo. Kwa nini huendi?"

"Bosi, mimi si mtu wa kuacha kazi eti nakwenda kusalimia."

Hakwenda. Krismasi ikapita. Mwezi wa pili, baba yake mdogo akafariki ghafla. Siku hiyo hiyo msimamizi akaomba ruhusa, akapewa, wenzake wakamchangia, na kesho yake mchana alikuwa kijijini.

Alimkuta baba yake mkekani, kati ya waombolezaji. Mzee aliposikia sauti yake alinyoosha mikono, akampapasa taratibu kuanzia kwenye paji la uso mpaka kidevuni.

"Umenenepa," akasema. "Ruhusa umeipataje?"

"Ya msiba hainyimwi, baba."

"Na ile ya kuja kwangu, walikunyima?"

"Sikuiomba, baba."

Mzee akaondoa mikono yake. "Basi mshukuru baba yako mdogo. Asingekufa, hata kukupapasa nisingekupapasa."

Ndugu zangu, siwasifu wageni. Kwao mtu anaweza kuzikwa na watu watano, kila mmoja akarudi kazini mchana huo huo, na hilo linanisikitisha. Sisi msibani hatukosi, na tusiache. Lakini tujiulize, na mimi mchungaji wenu najiuliza wa kwanza: kwa nini ruhusa ya kwenda kumzika mtu tunaiomba bila aibu, na ya kwenda kukaa naye akiwa hai tunaiita uvivu? Nani alitufundisha kwamba aliye hai anaweza kungoja? Mungu mwenyewe alifanya kazi, kisha akapumzika. Hakusubiri kwanza pawe na msiba.

Inaniuma, kwa sababu najua humu ndani kuna mtu ambaye mama yake anamwita tangu mwaka juzi.

Kesho ni Jumatatu. Wewe unayengojwa, nenda ofisini ukaombe siku zako. Wakikuuliza nani amefariki, waambie: hajafariki mtu, ndiyo maana naenda.