Fisi Aliyekumbuka Shibe

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nani?

Pakawa na mwenye nyama na mwenye njaa. Mwenye nyama ni Fisi. Mwenye njaa ni Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne, na siku hizo walikuwa wanaishi kwa panzi, na panzi wenyewe wa kutafuta.

Fisi alikuwa ameua swala akamzamisha dimbwini ili tai wasimwone, kama ilivyo desturi ya mafisi. Nguchiro akaenda kuomba kipande.

"Gusa nyama yangu uone. Nitakutafuna wewe na wanao," akasema Fisi.

Nguchiro hakubishana. Mwenye nguvu mpishe. Akaketi mlangoni pa pango, akasema, "Basi nisimulie tu, Bwana Fisi. Ilikuwaje?"

Fisi kwa sifa hajambo. "Nikamkimbiza tifu tifu, nikamdaka kwapu, nikamburura buru buru, nikamtosa chubwi."

"Bila kuonja?"

"Bila kuonja."

"Hata ini? Fisi mzima uache ini?"

Fisi akajikuna sikio. "Ini... nadhani ini nilionja."

Kesho yake Nguchiro akarudi. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameacha kulia, na hilo lilimtisha kuliko kilio. Akasema kwa upole, "Nisimulie tena, Bwana."

"Nikamkimbiza tifu tifu, nikamdaka kwapu, nikala ini, lingali moto, nikamburura buru buru, nikamtosa chubwi."

"Na lile paja ulilokula?"

"Paja gani?"

"Si mfupa wake huo hapo?"

Mlangoni pa fisi mifupa haikosekani. Fisi akautazama, akalamba midomo. "Kumbe. Tena lilikuwa na mafuta."

Siku ya tatu hata hakuulizwa. "Nikamkimbiza tifu tifu, nikamdaka kwapu, nikala ini, nikala paja, nikala mbavu, nikala kichwa na pembe zake. Sikubakiza kitu."

Tumbo likamlia, guruguruguru.

"Mbona tumbo linanguruma?" akauliza Nguchiro.

"Linasaga."

Mchana ule Nguchiro akaenda dimbwini na wanawe. Walikula pale pale hadi yule wa mwisho akaanza kulia tena, kulilia zaidi. Paja moja wakalichukua nyumbani, na njia ya nyumbani inapita penye pango. Fisi akatoka. Nguchiro akawasogeza wanawe nyuma yake.

"Umebahatika, Bi Nguchiro. Swala?"

"Swala, Bwana."

"Paja zito hilo. Lete nikuvutie."

Akalivuta, buru buru, hadi nyumbani kwa Nguchiro. Akakaribishwa chakula.

"Ahsante, nimeshiba," akasema, akaenda zake, guruguruguru.

Funzo: ukitaka jambo lisikutoke akilini, lisimulie kila siku. Mimi hii nimeisimulia mara arobaini wala sijabadilisha neno. Ila mara ya kwanza, nakumbuka, alikuwa Chui.

Hadithi yangu imekoma. Ikiwa nzuri, ni yetu sote. Ikiwa mbaya, ndivyo mnavyoikumbuka ninyi.