Hodi ya Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na mabaraza yao na mashoka yao, aliishi Bi Perere. Ni mnyama mdogo, kimo cha sungura, na nyumba yake ilikuwa tundu kubwa ndani ya shina la mvule, karibu na chemchemi. Humo alilea watoto watatu.

Siku moja Mzee Tembo, mkubwa wa nchi, aliwaita wanyama wote barazani.

"Kesho kutwa tunakata msitu wa chemchemi," alisema. "Tutapanda miwa."

Msitu wa bonde la chini ulikatwa mwaka juzi, na kijito chake sasa kilikuwa vumbi tupu. Huu ndio uliobaki. Ukikatwa, watoto wa Bi Perere wangekosa nyumba na maji kwa mpigo. Alitaka kupinga, lakini aliogopa, maana Digidigi aliyepinga mara ya mwisho alikanyagwa mguu na mpaka leo anachechemea.

Basi akasogea mbele, akainama. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unataka nini, wewe?"

"Nimekuja kuwashtaki wadogo wenzangu. Adabu imetutoka. Tunaingia nyumba za wakubwa bila hodi. Juzi Panya kaingia jikoni kwako, si kaingia?"

"Kaingia," Tembo alisema, uso ukimkunjamana. "Na viazi vyangu kala."

"Basi tuwekee sheria, Mzee. Mtu abishe hodi mara tatu kabla ya kugusa nyumba ya mwenzake. Asipokaribishwa, arudi kwake. Atakayevunja aihame nchi, awe mkubwa, awe mdogo. Na Bwana Nyati aisimamie, maana haogopi mtu."

Tembo alicheka kwa kuridhika. "Huyu ana akili. Sheria imepita."

Nyati naye alitikisa pembe. Kiti cha Tembo alikuwa akikimezea mate miaka mingi.

Kesho yake Bi Perere alipita mti kwa mti: kwa Nyuki, kwa Popo, kwa Hondohondo na mayai yake. "Mkisikia hodi, kimya. Hata chafya imezeni."

Wote walielewa, isipokuwa Kasuku, ambaye hajanyamaza tangu azaliwe.

"Kasuku, nakuomba," alimwambia.

"Nakuomba," Kasuku akamjibu. Bi Perere akarudi kwake.

Asubuhi ya tatu ardhi ilianza kutikisika. Gu, gu, gu! Vishindo vilikuja moja kwa moja mpaka kwenye mvule wake, vikasimama. Bi Perere alijibana ndani na watoto, akawafunika midomo. Kivuli cha shoka kilipita mlangoni.

"Mzee," ilisikika sauti ya Nyati, "hapo pana mlango. Sheria yako inasemaje?"

"Nibishe hodi kwa mti?"

"Kwa nyumba, Mzee."

Tembo akavuta pumzi. "Hodi!"

Majani yalipukutika. Mtoto wa mwisho wa Bi Perere alitaka kuitikia, kwa adabu ileile aliyofunzwa na mama yake. Mama akamkaza mdomo.

"Hodi!"

Nyuki hawakuvuma hata kidogo.

"Hodi!"

Juu matawini mtu akakohoa. Alikuwa Kasuku. Bi Perere alifumba macho, akijua mambo yamekwisha.

"Hodi!" alisema Kasuku.

Kasuku hurudia tu anayoyasikia, watoto wangu, na neno la kukaribisha hakuna aliyelitamka.

Tembo alitazama juu, amechanganyikiwa. "Nani huyo anabisha hodi akiwa ndani?"

"Simjui," Nyati alisema taratibu. "Ila hujakaribishwa. Ukitaka kukata, kata. Mizigo ya kuhama nitakusaidia kufunga."

"Hujakaribishwa!" Kasuku akadaka. "Hujakaribishwa! Hujakaribishwa!"

Tembo alimtazama Nyati, akaona anavyotabasamu. Shoka likashuka polepole. Akaujaribu mti wa pili, na wa tatu, na kila alipobisha, Kasuku alimjibu neno lile lile, mpaka Mzee akageuka akaenda zake bila kuaga.

Bi Perere hakutoka. Alikaa humo mpaka jua la utosi, mkono wake ukiwa bado mdomoni mwa mtoto.

Ndiyo maana nawaambia, sheria inayomlinda mdogo ni ile inayomfunga hata mkubwa aliyeitunga.